Uzuri wa Mto Unaonuka

Siku Mwalimu Opicho alipolitamka neno "ulimbwende" mbele ya darasa lake la Jumamosi, Wamalwa aliinua mkono akauliza kama wasichana watavaa nguo za kuogelea.

Darasa likaangua kicheko. Opicho akangoja litulie. Alikuwa amezoea. Watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne hawamwogopi mwalimu. Wameshaogopa waajiri, wenye nyumba na mama wakwe, na woga wote umekwisha huko. Akaeleza kwa upole kwamba ulimbwende anaousema si ule wa warembo jukwaani. Ni jina la mkondo wa washairi fulani wa Uingereza wa zamani, waliochoshwa na moshi wa viwanda wakakimbilia milimani kutafuta uzuri.

"Walikuwa na kazi?" akauliza Wamalwa.

"Kazi yao ilikuwa kutazama."

"Na nani alikuwa anawalisha?"

Swali hilo Opicho aliliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Ukweli ni kwamba hakujua.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha kukodi huko Huruma, ghorofa ya kwanza, juu ya kinu cha posho. Kinu kilisaga kuanzia asubuhi, na vumbi la unga likapanda kupitia nyufa za sakafu hadi ikawa huwezi kujua suti ya mwalimu imechafuliwa na chaki au na ugali wa kesho. Suti hiyo ilikuwa ya kahawia, na ilikuwa moja. Opicho mwenyewe alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitano, mtu wa Bungoma, kapera, mwenye sauti nzito iliyomfaa mtu mnene kuliko yeye. Siku za wiki alifundisha katika shule moja ya kibinafsi ambako hakuna aliyemsikiliza. Jumamosi alikuja hapa, ambako walimsikiliza ili wapate la kumpinga.

Hakuna aliyempinga kama Sahro Hirad. Sahro alikuwa na miaka ishirini, mzaliwa wa Eastleigh, na aliuza vitambaa katika duka la shangazi yake. Alikuwa na tabia ya kukaa kimya nusu saa nzima, kalamu mkononi, halafu akauliza swali moja kwa sauti ndogo, na hilo swali likaharibu kila kitu. Hakupenda kuuziwa kitu ambacho muuzaji mwenyewe hakivai.

"Kwa washairi hawa," Opicho alikuwa akisema, ameshainua mikono, ameshasahau kinu, "uzuri na ukweli si vitu viwili. Ni kitu kimoja! Ukiona kitu kizuri sawasawa, basi umeuona ukweli wake. Mshairi anamsikia ndege akiimba gizani, na wimbo ule unampeleka mahali ambapo akili peke yake haiwezi kufika. Ndege yule hasemi uongo. Hawezi!"

Sahro akainua mkono.

"Mwalimu, huyo ndege wewe umewahi kumsikia?"

Hapa ndipo Opicho alipoteleza. Angeweza kusema hapana. Ni neno jepesi, hata mtoto hulimudu. Lakini mikono yake ilikuwa bado iko juu, na ni vigumu mtu kusema hapana akiwa ameinua mikono namna ile.

"Nimemsikia," akasema.

"Wapi?"

"Nyumbani. Upande wa Webuye."

"Webuye kwetu?" Wamalwa akasimama. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mrefu, mwenye nyusi zilizoungua upande mmoja. "Mwalimu, mimi nimezaliwa Webuye. Huyo ndege wa Uingereza alikuja Webuye na pasipoti ya nani?"

Watu walicheka mpaka madawati yakasogea. Sahro hakucheka. Alisubiri, kisha akasema taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichoangusha:

"Ulisema uzuri na ukweli ni kitu kimoja. Sasa wewe umetuambia kitu kizuri."

Kinu cha chini kilichagua dakika hiyo hiyo kunyamaza. Opicho alihisi joto likimpanda kutoka kwenye kola. Angeweza kuvumilia kuitwa mshamba, hata kuitwa mwendawazimu. Baba yake mzazi alikuwa amemwita yote mawili. Lakini kushikwa na uongo katikati ya somo la ukweli, tena na mwanafunzi anayeandika kila neno!

"Haya," akasema, "sijamsikia. Sijawahi kumsikia ndege huyo maishani mwangu." Akashusha mikono. "Jumamosi ijayo hatusomi hapa. Tutakwenda kutazama kitu tulicho nacho. Tutakwenda mtoni."

"Mto gani?" likauliza darasa zima.

"Kwani tuna mito mingapi?"

* * *

Mto Mathare unapita nyuma ya Huruma kama mtu anayepita nyuma ya nyumba anakodaiwa: haraka, kimyakimya, umeinamisha kichwa. Opicho alikuwa ameishi karibu nao miaka sita bila kuuteremkia. Harufu yake aliijua. Harufu ilikuwa inamtembelea nyumbani.

Jumamosi hiyo waliteremka kwa kijia cha katikati ya nyumba za mabati, Opicho mbele, suti imepigwa pasi, wanafunzi nyuma na karatasi zao. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua. Mtu mmoja akauliza kama kuna kampeni. Walipofika ukingoni, maji yalikuwa meusi, na juu yake mafuta ya magari yalichora duara za zambarau na kijani. Mifuko ya plastiki ilikuwa imenasa kwenye miiba ng'ambo, ikipepea. Hapo kando, majani ya nduma, yale magimbi, yalikuwa yameota makubwa kama miavuli, yenye afya ya kutisha.

"Andikeni mnachokiona," Opicho akasema. Akatafuta mahali pa kusimama palipoinuka, akaona pipa limefukiwa nusu ndani ya udongo, akapanda juu yake.

"Na harufu tuandike?" akauliza Wamalwa, pua imebanwa.

"Kila kitu."

Basi watu wakatawanyika, wakasimama hapa na pale, wakitazama maji, wakiandika, wakitazama tena. Opicho akawatazama moyo ukamjaa. Hawa hapa, akajisemea, watu wa viwandani na vibandani, wametulia mbele ya mto. Hakufikiri hata kidogo jinsi wanavyoonekana kwa mtu mwingine. Kundi la wageni, mmoja ana suti, wote wanaandika, mahali ambapo chang'aa, pombe haramu, inapikwa mchana kweupe.

Mama Njogu alitoka nyuma ya majani ya nduma akiwa na upawa mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mpana, mwenye kitambaa chekundu kichwani, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la moto lililopanda hadi kwenye kiwiko. Nyuma yake walitokea vijana watatu waliokwenda moja kwa moja kuziba kijia.

"Mnahesabu nini?" akauliza.

"Hatuhesabu, mama," Opicho akasema kutoka juu ya pipa. "Tunatazama uzuri."

Mama Njogu alimtazama yeye, akautazama mto, akamrudia tena.

"Kijana, mimi nimekuja kwa upole. Umetumwa na nani? Kanjo, wale askari wa jiji? Chifu?"

"Mimi ni mwalimu. Hawa ni wanafunzi wangu. Tunasoma mashairi."

"Hawa wazee ni wanafunzi?" Akamnyooshea Wamalwa upawa. "Na huyu?"

"Mimi hasa ndiye mwanafunzi," Wamalwa akasema. "Nimeanguka mtihani mara mbili."

Hilo lilimgusa Mama Njogu kidogo, kwa sababu mpelelezi wa serikali hawezi kukiri kuanguka. Lakini hakuwa ameridhika. Akamwambia Opicho kwamba kama ni mwalimu wa mashairi, basi aseme shairi, hapo hapo, na liwe juu ya huu mto, na asipoweza ataoga ndani yake.

Opicho akafumba macho. Akavuta pumzi, jambo ambalo halikuwa la busara mahali pale, akakohoa, kisha akaanza. Alisema mto huu ni binti wa mawingu aliyetoka juu huko kwenye misitu, miguu yake mitupu, akija mjini kututafuta. Alisema sisi tumemvika nguo za matambara naye hakutukataa. Alisema jua likimwangukia anavaa vito vya zambarau ambavyo malkia hana. Sauti yake nzito ilikwenda ikagonga ukuta wa ng'ambo ikarudi, na hata mmoja wa vijana walioziba njia akajikuta ameegemea mti.

Aliponyamaza, Mama Njogu alikuwa ameshusha upawa.

"Ngai! Mungu wangu," akasema. "Endelea."

"Ni hapo tu mama, sijamaliza kulitunga."

"Mimi naweza kusoma nilichoandika?" ikauliza ile sauti ndogo.

Opicho alitamani kusema hapana, na safari hii mikono yake ilikuwa chini. Lakini alikuwa mwalimu. Akaitikia kwa kichwa. Sahro akashika karatasi karibu na uso, shungi lake linapepea, akasoma:

"Mto wetu hauimbi. Unakohoa.
Leo umeleta kiatu kimoja cha mtoto.
Sote tumekiona, tumeandika rangi yake.
Hakuna aliyeuliza mguu uko wapi."

Watu wakageuka. Kiatu kilikuwepo kweli, cha buluu, kimenasa kwenye jiwe. Opicho alikuwa amekiona alipofika. Alikuwa amekiona na akakiacha nje ya shairi lake bila hata kufikiri, kama unavyosukuma kikombe kichafu nyuma ya pazia mgeni akibisha hodi.

Lakini Mama Njogu alikuwa amepandwa na hasira.

"Wewe msichana! Hayo nani amekuuliza? Kiatu nakiona. Kila asubuhi mimi ndiye naamka hapa, si wewe. Ukweli naukanyaga na miguu yangu, siuhitaji kwa karatasi. Huyu mwalimu ameniletea kitu sina. Wewe umeniletea kitu niko nacho mpaka kinamwagika!"

"Lakini lake si la kweli, mama," Sahro akasema. "Hakuna vito hapo. Ni oil."

"Na nikisema ni vito, mto utanishtaki?"

Wamalwa akacheka kwa sauti. Sahro akaishusha karatasi yake. Opicho angetakiwa kufurahi, maana alikuwa ameshinda. Hakufurahi. Aliendelea kukitazama kile kiatu.

Ndipo mluzi ukalia kutoka juu ya kijia, mfupi, mara mbili.

* * *

Mama Njogu na vijana wake walipotea namna ambavyo mvuke hupotea. Jani moja la nduma lilitikisika, likatulia. Sufuria kubwa iliyokuwa ikitoa moshi nyuma ya kichaka ilizama majini ikitoa mlio wa "shaaa", na Opicho akagundua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba askari wa chifu walikuwa wanateremka. La pili, kwamba pipa alilosimama juu yake lilikuwa na kifuniko kilicholegea, na kwamba ndani yake kangara, ile chachu ya kupikia chang'aa, ilikuwa ikitokota kimyakimya na kumlowesha suruali.

Askari walikuwa wawili. Mmoja alikuwa kijana mwenye bereti iliyomzidi kichwa. Mwingine, mkubwa wake, alikuwa na kitambi na fimbo.

"Huu mkutano una kibali?" akauliza yule wa kitambi.

Miaka ile, watu wakisimama pamoja bila kibali walikuwa ni siasa, hata kama walikuwa wanangoja maji. Opicho akasema si mkutano, ni somo.

"Somo la nini?"

"La uzuri, afande."

Askari wakatazamana.

"Pombe iko wapi?"

Hilo ndilo swali. Opicho angeweza kusema sijui, na angedanganya, mbele ya Sahro aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka kwake bado ameshika karatasi. Angeweza kusema iko hapa chini yangu, na majani ya nduma yangemsikia. Halafu akafanya kitu pekee alichojua kufanya. Alisema kweli, lakini alichagua ipi.

"Afande," akasema, "umeniuliza pombe. Mimi nimekuja hapa na watu wanaolala saa chache na kuamkia mashine. Nimewaomba watazame maji haya, na wameyatazama. Kama ni ulevi unautafuta, basi mimi hapa nimelewa. Nimelewa tangu kidato cha tatu. Nililewa kwa maneno ya watu waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa, na sijawahi kulevuka hata siku moja!"

Ilikuwa kweli tupu, na ilisemwa vizuri. Wamalwa alipiga makofi. Hata yule askari kijana alitabasamu kidogo. Yule wa kitambi akasogea, akainama, akainusa suruali ya Opicho kama mtu anayenusa maziwa.

"Amekiri," akasema. "Mshike."

* * *

Kambi ya chifu ilikuwa na bendera, benchi, na uwanja uliojaa nyasi za kufika magotini. Opicho aliketishwa kwenye benchi. Darasa lake lilimfuata lote, jambo ambalo hakulitarajia, likajipanga kando ya ua, kila mtu akipanda juu ya mawe kuchungulia.

Chifu alikuwa mtu wa kofia nyeupe na uchovu mwingi. Alimsikiliza askari, akamnusa Opicho kwa mbali, kisha akauliza kama kuna shahidi.

"Mimi," akasema Sahro.

Chifu akamwita mbele. "Msichana, mwalimu wako alikunywa?"

"Hapana."

"Alisema amelewa?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alidanganya."

Opicho akamtazama Sahro. Huu, akawaza, ndio mtihani wake aliousubiri mwaka mzima, sasa atanimaliza. Sahro alitazama viatu vyake. Alitazama bendera. Uso wake ulikuwa wa mtu anayelazimishwa kumtetea jirani asiyesalimiana naye.

"Hakudanganya," akasema mwishowe. "Alisema kweli, lakini ilikuwa imevaa nguo."

"Nguo gani?"

"Za... za sherehe, chifu. Ukimwambia mkeo umekufa kwa njaa, hamwiti mchungaji aje kukuzika. Anakuletea chakula."

Nje ya ua mtu alicheka. Chifu mwenyewe midomo ilimcheza. Akamwondoa askari kwa mkono, akasogeza kiti, na sauti yake ikawa ya mtu aliyepata wazo.

"Mwalimu, kumbe wewe unaweza maneno. Sikia. Wiki ijayo tunatembelewa na mkubwa kutoka ofisi ya wilaya. Nataka shairi. Uandike jinsi mahali petu palivyo pasafi. Hata huo mto, uuweke. Maji maangavu, ndege, maua. Wanafunzi wako wasome. Ukiniandikia sasa hivi, unakwenda nyumbani."

Lilikuwa jambo jepesi kabisa. Asubuhi ile ile alikuwa amelifanya bure, mbele ya mwanamke mwenye upawa, na kwa furaha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: binti wa mawingu, vito vya zambarau. Opicho akafungua kinywa.

Akakiona tena akilini kile kiatu cha buluu.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Chifu, mimi mwenyewe nashangaa."

Basi akapewa panga la kufyekea, lile lililopinda mwishoni, akaambiwa afyeke uwanja wote. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi. Hakuwa amefyeka nyasi tangu ujanani, na baada ya dakika chache viganja vyake vilianza kuwaka. Wamalwa aliruka ua, akaomba panga la pili, akaja kusimama kando yake.

"Kumbe hii ndiyo ile kurudi kwenye maumbile, Mwalimu," akasema akifyeka. "Ungetuambia mapema tuje na gambuti."

Wengine wakafuata. Askari hawakuwa na mapanga ya kuwatosha, kwa hiyo wengine waling'oa kwa mikono, na wengine walisimama tu wakitoa ushauri. Sahro alizoa nyasi zilizokatwa, akazirundika, na kila rundo lilimsogeza karibu kidogo na Opicho mpaka ikawa haiwezekani kutozungumza.

"Mbona hukumwandikia?" akauliza. "Mama yule ulimpa bure."

Opicho akafyeka mara mbili tatu kabla ya kujibu.

"Mama yule alijua si kweli. Alilitaka hivyo hivyo, la kwake, la kukaa nalo. Huyu alitaka wengine waamini." Akajifuta jasho kwa mkono wa shati. "Sijui. Nafikiri sasa hivi tu. Kesho naweza kusema lingine."

Sahro akachukua nyasi, hakuondoka.

"Mimi nilidhani unatudanganya makusudi," akasema. "Kama mtu wa duka."

"Mama yangu alikufa nikiwa kidato cha tatu," Opicho akasema. Hakujua kwa nini anasema. Labda ni kwa kuwa alikuwa ameinama na hakuna aliyeuona uso wake. "Watu walikuja nyumbani wakaniambia mambo ya kweli. Kwamba alikuwa mgonjwa muda mrefu. Kwamba kila mtu atakufa. Kweli tupu, na hakuna hata moja iliyonisaidia kula. Nilirudi shuleni, mwalimu akatusomea shairi kuhusu shamba baada ya mavuno. Hakuna mtu aliyekufa ndani yake. Ni mashina tu yaliyokatwa na mwanga wa jioni. Nililia mbele ya darasa zima. Usiku ule nikala. Ndiyo maana nikasema kitu kilichonishika namna ile hakiwezi kuwa uongo. Ndiyo hoja yangu yote, Sahro. Sina nyingine."

Sahro akaziweka nyasi chini.

"Hiyo ungetuambia," akasema. "Hiyo ningeiandika."

* * *

Jumamosi iliyofuata Mama Njogu alipanda ngazi za kinu cha posho akihema, akiwa na kitambaa kipya kichwani, akaketi dawati la nyuma bila kualikwa. Kangara yake, akasema, iliokoka yote, maana askari walimshika mwalimu wakasahau kutazama ndani ya pipa. Amekuja kuchukua shairi lake lililobaki.

Opicho alikuwa amelimaliza. Alilala nalo wiki nzima, akalifuta, akaliandika, na siku ya Alhamisi akampelekea Sahro dukani, wakalizozania katikati ya vitambaa mpaka shangazi akawafukuza. Sasa akasimama akalisoma. Binti wa mawingu alikuwepo. Vito vilikuwepo, lakini vilielea juu ya mafuta, na mafuta yalitajwa. Kiatu kilikuwepo. Na mwishoni alikuwepo mwanamke mwenye mkono ulioungua, akichota moto kutoka kwenye maji.

Sahro alikuwa akitazama dirishani, lakini masikio yake yalikuwa ndani. Opicho mwenyewe alijua hajawahi kuandika kitu kama kile, akamgeukia Mama Njogu akiwa na hamu ya mtoto.

Mama Njogu alikuwa amekunja uso.

"Kovu umeliweka la nini?"

"Ni lako, mama. Ni kweli, na mimi naliona zuri."

"Mimi nilidhani utaliacha nje. Siku ile kwenye mto hukuwa umelisema." Akauficha mkono chini ya dawati. Kisha, polepole, akautoa tena, akauweka juu, akautazama. "Nililipata nikiwa na mimba ya Njogu. Sufuria ilipinduka. Sikuenda hospitali kwa sababu wangeuliza ilikuwa sufuria ya nini."

Kinu kilisaga chini yao.

"Haya, kovu likae," akasema. "Lakini uniandike na miaka thelathini."

"Mama Njogu!" Sahro akageuka.

"Wewe nyamaza. Kiatu chako kimekaa, kovu langu limekaa. Mimi nimewaachia vyote hivyo. Miaka thelathini ni kitu gani?"

Opicho akamtazama Sahro. Sahro akamtazama Opicho. Walikuwa wamepigania kila neno la shairi lile, na hili hawakuwa wamelijadili.

"Thelathini na tano," Sahro akasema.

"Thelathini na tatu," akasema Mama Njogu, "na tena mwalimu, nilitaka kukuuliza. Mbona hili shairi halina vina? Shairi gani halina vina? Nitalikumbuka vipi nikiwa nakoroga?"

Wamalwa akapiga dawati kwa furaha, akasema hilo hasa ndilo swali alilokuwa akitaka kuuliza tangu Januari. Opicho akatazama karatasi yake, kazi ya wiki nzima, kisha akachukua chaki, akamwomba Mama Njogu asogee mbele, akauliza darasa zima ni nani ana neno linalolingana na "kovu".